Vitambaa Vyekundu vya Rungani

Harufu ya kitambaa kipya, kile chenye wanga wa kiwandani ambacho bado hakijaonja maji, hunikausha mate mpaka leo. Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, na kila mtu mjini Palma akawa mtaalamu wa gesi hata wauza vitumbua, nilirudi nyumbani na shahada yangu na miwani yangu kutafsiri Kireno katika mikutano ya wananchi. Kwenye mkutano wa kwanza vijana walifungua maboksi ya fulana za bure. Harufu ile ikanipiga usoni, na mimi niliyeitwa pale nije kusema nikashindwa kutoa sauti. Watu walidhani nimeguswa na hotuba. Nikawaacha wadhani hivyo.

Ninyi nitawaambia ukweli, maana hamwezi kunisema kwa ndugu zangu.

Kitongoji chetu, Rungani, kiko kusini mwa Palma, mwendo ambao mtoto wa shule huutembea bila kulalamika. Watu wa mjini walituita washamba, nasi tukawaita waliofika jana. Ushahidi tulikuwa nao: makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yamepachikwa bakuli za kaure zilizokwisha kupasuka, ya watu waliotangulia kujenga pale kabla ya Mreno. Mtunzaji wake alikuwa Bibi Mwanaisha, mama mzaa mama yangu. Kila mwezi wa Shaabani alifyeka, akapaka chokaa, akafukiza ubani, na kwenye vijiti vilivyosimikwa vichwani pa makaburi akafunga vitambaa vipya, vyeupe na vyekundu. Mimi aliniita mke mwenziwe. Nikishindwa kuinua ndoo, alinisikitikia mbele za watu kwamba mume wetu safari hii kaoa mvivu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa miaka ya vita, na dukani rafu zilikuwa tupu kiasi kwamba muuzaji alikuwa akilala juu yake. Shaabani iliingia miguu ya Bibi ikiwa imevimba, hawezi kufika hata kisimani. Akanituma mimi na ufagio na kopo la chokaa. Vitambaa hakunipa, kwa sababu havikuwapo. Kanga aliyokuwa akiichana vipande kila mwaka ilikuwa imekwisha.

"Mwaka huu watakaa uchi," alisema, akageukia ukutani.

Miezi hiyohiyo walikuwapo kwetu watu wa kutafuta mafuta. Wakati ule mafuta yalitafutwa nchi kavu, na waliyoyatafuta hawakuyapata. Walikuwa wamesimika mstari wa vigingi kupita katikati ya msitu na mikorosho, kila kigingi kikifungwa kitambaa chekundu, ili katapila lije nyuma yao likifuata ile rangi na kusafisha njia. Wazee walikubaliana nao kwamba mstari ukifika karibu na makaburi utapinda. Mimi hayo sikuyajua. Niliona tu vitambaa vipya vimefungwa kwenye vijiti porini. Na kwa malezi yangu, kitambaa kwenye kijiti kilikuwa na maana moja: hapa amelala mtu anayeheshimiwa. Nilichungulia chini ya vigingi vile na sikuona kaburi. Basi nikaamua kuwa wageni, kwa kutojua, wamefunga vitambaa mahali pasipo na mtu. Huo ndio utafiti wangu wa kwanza, na uliofuata chuoni haukuwa bora sana. Nilifungua vitambaa kama kumi pale mstari ulipopinda, nikavipeleka kulikostahili. Kimoja nilikibakiza nikafungia nywele, ndani ya mtandio.

Nilipomwambia Bibi kwamba nimewavisha wote, aliuliza nimepata wapi nguo. Nikasema nimepewa na mgeni mmoja. Alimwombea dua mgeni huyo, ndefu, kwa majina yote ya heri.

Keshoye tukiwa darasani tulisikia katapila. Siku zote ngurumo yake ilikuwa ya mbali, lakini asubuhi ile madawati yalitetemeka. Mwalimu alisimama dirishani akashika chaki bila kuandika. Kisha akapita mwanamke mmoja mbio akisema katapila limeingia makaburini, na watoto wote tukatoka bila ruhusa.

Nilikimbia na wenzangu nikiwa bado sijaelewa. Nilielewa nilipofika. Ukuta mdogo wa upande wa mashariki ulikuwa umelala chini. Katapila lilikuwa limesimama likitoa moshi, na hatua chache mbele yake, juu ya kaburi la kwanza, kitambaa changu kilikuwa kikipepea. Dereva alikuwa amefuata rangi aliyoambiwa aifuate.

Kati ya katapila na kaburi alisimama mjomba wangu Saidi, mtoto wa mwisho wa Bibi. Alikuwa ametoka shambani, na panga lilikuwa bado mkononi. Mtu yeyote wa Rungani angejua lile ni panga la kupalilia. Lakini katibu wa kitongoji alifika na wanamgambo wawili, na wao waliona mtu mwenye silaha amesimama mbele ya mtambo wa wageni, tena mtu yuleyule aliyesema mkutanini kwamba mstari usipite Rungani kabisa. Msimamizi wa wageni alikuwa akionyesha vigingi vitupu na kusema neno moja la Kireno tena na tena, sabotajem, yaani hujuma. Mwaka ule neno hilo lilikuwa likichukua watu, na wengine hawakurudi.

Katibu akauliza nani amehamisha alama. Akauliza tena. Wakamnyang'anya Mjomba panga, wakamkalisha chini na kumfunga mikono nyuma kwa kamba ya katani. Gari la kumpeleka Palma likaitwa.

Nilikuwa mbele kabisa ya umati. Ningeweza kusema maneno matatu tu. Badala yake niliingiza mkono ndani ya mtandio, nikakichomoa kile kitambaa kichwani, na kwa kukosa mfuko nikakitia mdomoni. Wanga wake ulikuwa mchungu. Nilisimama hivyo, mashavu yamejaa, nikimtazama mjomba wangu akitafuta kwa macho mtu wa kumtetea. Macho yake yalipita kwangu yakaendelea.

Kisha watu wakapisha. Bibi alikuwa anakuja, ameshikwa kwapa na jirani mmoja, akiburuza miguu ile iliyovimba.

"Kamarada katibu," alisema hata hajapumzika, "mfungue mwanangu. Vitambaa nimefunga mimi."

Katibu alimtazama miguu. "Wewe, bibi? Kisimani tu hufiki."

"Kisimani sina mtu. Hapa nina waume wawili. Kwa mume mwanamke hufika."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Hata mwanamgambo aliyeshika kamba aliinama kuficha meno. Katibu alijikaza akauliza vitambaa amevitoa wapi.

"Porini, kwenye vijiti. Sikuona mwenye mali. Kama ni vya serikali, serikali isifunge vitu vyake ovyo kama mtu aliyesahau mbuzi."

Alipotafsiriwa msimamizi, naye akacheka na kupangusa jasho. Sabotajem ikawa bibi kizee na mambo yake. Mjomba akafunguliwa, katapila likarudi nyuma, vigingi vikafungwa upya, na mstari ukapinda kama ulivyokubaliwa. Bibi alinipita bila kunitazama. Nilidhani hajui. Jioni nilikula vizuri. Nilijiona nina bahati.

Ijumaa yake walimsimamisha mkutanini. Alitakiwa kusema mbele ya watu wote kwamba ameacha mambo ya kizamani na hatakanyaga tena makaburini. Akasema hivyo, kwa sauti ileile ya utani, na watu wakacheka tena. Mimi pia nilicheka. Mjomba Saidi hakucheka. Alikuwa na alama za kamba mikononi, na hakumsamehe mama yake kwa kumwacha afungwe kwanza ndipo aje kusema. Aliacha kula kwake. Shaabani iliyofuata makaburi yalifyekwa na wanaume, wakamaliza asubuhi moja. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini Bibi alikuwa akifyeka kwa siku nne, kwa sababu kila kaburi alikaa nalo, akamwambia binti aliyefuatana naye huyu ni nani, alizaa nani, alikufa kwa nini. Hakupata tena ruhusa ya kumwambia mtu. Mwaka wa pili naye akafa, na kwa kuwa maiti hakatazwi, akarudi pale.

Miaka ya gesi, baada ya mikutano ya fulana, tulitumwa kuorodhesha makaburi ya maeneo yatakayohamishwa. Rungani ilikuwamo. Niliandika mimi, na shahidi wa ukoo alikuwa Mjomba Saidi, mzee wa mvi sasa, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Kila nilipouliza jina la kaburi la kale alitikisa kichwa, nami nikaandika kwa Kireno safi kwamba hajulikani. Tulipofika la tisa alisema mama angejua haya, ila alijiharibia mwenyewe.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimemtangulia Bibi kwa shule na kubaki nyuma yake kwa mengine yote.

"Mjomba," nikasema, "vile vitambaa nilifunga mimi."

Alitazama mikono yake. Kisha akauliza, "Mama alijua?"

"Alinituma mimi, na hakuna mgeni aliyempa mtoto nguo mwaka ule. Alijua tangu alipoitwa."

"Akaja akacheka na watu."

"Ndiyo."

"Basi nimemnunia bure," alisema Mjomba, "mpaka nikamzika."

Akanyanyuka kwa shida, akaenda kwenye kaburi la mwisho, la Bibi, tulilolijua sote wawili, akaanza kung'oa majani kwa vidole. Niliandika jina la Bibi kwa ukamilifu, na la baba yake, na la babu yake, mpaka nafasi ya kuandikia ikaisha. Chini yake palikuwa na mahali pa kujaza sababu ya kifo, nikapaacha wazi, nikapiga magoti kumsaidia Mjomba.