Mahrokh Apimwa Uimara wa Moyo

Kabla mikono haijamwishia nguvu, Mahrokh alikuwa fundi wa kunakshi sinia za shaba, na soko zima la Isfahan lilimjua. Kisha yakamwingia maradhi ya mishipa ya fahamu, yale tunayoyaita Em-Es, ambayo kwetu karibu kila mtaa una mgonjwa wake. Mumewe alivumilia kidogo, akaenda zake, Mungu ampe anachostahili. Mahrokh akarudi kwa mama yake, Bibi Touran, ambaye ana ugonjwa wa moyo, na mbele yake hakudondosha chozi hata siku moja.

Kwa hiyo kliniki ilipoanzisha kikundi cha wagonjwa kukaa na mshauri na kutoa ya moyoni, alikitamani mno. Nafasi zilikuwa chache. Wangepimwa kwanza uimara wa moyo, na waliolemewa zaidi ndio wangechukuliwa.

Mpimaji, binti aitwaye Parastu, alimfuata nyumbani. Mahrokh alikuwa amekata shauri kusema kweli yote. Lakini Bibi Touran alileta chai na halua, akajiketisha papo hapo. Nani angemwambia mzee atoke mbele ya mgeni?

"Ukipata pigo, unainuka tena?" Parastu akauliza.

"Namshukuru Mungu, nainuka."

"Unajiona una nguvu?"

"Kwa dua zenu, dada."

"Huyu? Huyu ni chuma!" Bibi Touran akadakia, akimsogezea mgeni sahani. "Kula basi halua, mwanangu, hujagusa kitu!"

"Kuna siku unakata tamaa?"

Mahrokh akageuka. Mama yake alikuwa anamkodolea macho.

"Aa, wapi!" akasema, akacheka.

Parastu akaandika kila jibu lilivyotoka. Ndivyo alivyofundishwa, lakini mimi namlaumu mpaka leo. Msichana wa Isfahan, asijue kuwa kwa adabu za kwao mtu hasemi shida zake mbele ya mzazi?

Baada ya siku chache akapiga simu. "Hongera, Mahrokh! Umewapita wote. Nafasi tumempa mwingine, wewe huna haja."

Mahrokh akafungua kinywa aseme kuwa alidanganya, wamsaidie. Bibi Touran alikuwa mlangoni, mkono kifuani.

"Mkono wako usiumwe, dada," akamshukuru kama ilivyo desturi, akakata simu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema mimi ndiye imara kuliko wote."

Bibi Touran akaketi chini, akalia kwa furaha. "Nilikuwa naogopa kufa nikuache, mwanangu. Sasa hata Mungu akinichukua leo, sina hofu."

"Mungu apishe mbali, mama," akasema Mahrokh, akaenda kuteleka chai. Hata huko hakulia, maana jiko la nyumba ile halina mlango.