Disketi ya Kumi na Sita

Hasira zangu ziko karibu, nasema mapema, msije mkadhani nilichofanya nilikifanya kwa utakatifu. Nilikifanya kwa sababu watu wazima walikuwa wanamsengenya mama mmoja, nami nilichoka kuwasikia.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, viwanda vya minofu ya sangara vinaota Mwanza kando ya ziwa kimoja baada ya kingine. Chetu kilikuwa na kompyuta moja, na programu yake niliiandika mimi. Kila sanduku la minofu liliandikwa namba yake, mwalo, yaani ufuko wa wavuvi samaki walikotoka, na saa walipopokelewa, kisha orodha inachapwa na kwenda na gari hadi uwanja wa ndege. Bila orodha gari haliondoki, na gari lisipoondoka barafu inayeyuka.

Aliyekaa kwenye kompyuta alikuwa mjane wa makamo, mtu wa Nansio kule kisiwani, amepanga Mkuyuni na wanawe. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaniuliza kama nimekunywa chai. Mwanzoni orodha ilitoka kwa dakika tatu. Miezi ilivyokwenda ikawa nusu saa, ikawa saa nzima, ikawa mbili. Hakuna aliyejua ilianza lini, maana ilizidi kidogo kidogo. Mama hakuweza tena kuondoka kwenye kiti. Alikaa ameukodolea macho ule mwanga wa kijani tangu asubuhi hadi jioni, na macho yakawa mekundu.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa wengi huku Usukumani siku zile, mama mtu mzima mwenye macho mekundu hakuwa mgonjwa wa macho. Walianza kwa kumpisha mlangoni, wote kwa pamoja, bila salamu. Halafu asubuhi moja nikakuta majivu yamemwagwa kuzunguka kiti chake. Siku mbili baadaye akanionyesha karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango wake: "Mchawi, hama kabla hatujaja." Aliikunja vizuri akairudisha kwenye mkoba.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayeijua hii mashine. Waambie ina nini."

Niliogopa kwelikweli. Bibi yangu mmoja wa upande wa mama alikatwa mapanga kwa macho ya namna hiyohiyo, macho ya moshi wa jikoni tu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa akina mama hawa lilikuwa linakuja na mapanga.

Kilichonisaidia ni ukorofi wa umeme wa Mwanza. Uliwahi kukatika ukanipotezea kazi ya wiki mbili, na tangu hapo kila nilipoibadili programu niliinakili nzima kwenye disketi mpya. Nikaipa namba, nikaandika kwa penseli nimebadili nini, nikaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Wenzangu walinicheka, eti natunza hirizi. Zilikuwa ishirini na nne.

Jumamosi moja hapakuwa na mzigo. Nikachukua kumbukumbu za masanduku yote yaliyokwisha kuingizwa hadi siku ile, yaleyale kwa kila jaribio, nikaanza na disketi ya katikati, ya kumi na mbili. Dakika tatu. Basi ubovu uliingia baadaye. Ya kumi na nane ilikwama, sikuingoja hata imalize. Ya kumi na tano ikaenda vizuri, ya kumi na saba ikakwama. Nikaitia ya kumi na sita, nayo ikakwama.

Juu yake nilikuwa nimeandika: "Kuzuia sanduku kuingizwa mara mbili."

Nikakumbuka. Mama aliwahi kuingiza sanduku moja mara mbili, meneja akamtukana mbele ya watu hadi machozi yakamtoka. Nilirudi nyumbani nimefura, nikaandika kinga hiyo kwenye karatasi usiku uleule: kabla ya kuchapa kila sanduku, programu irudi nyuma ikasome masanduku yote tangu la kwanza kabisa la kiwanda. Siku ile yalikuwa machache. Sasa yalikuwa maelfu, na kila siku safari ya kurudi nyuma ilirefuka. Wahenga wamesema tenda wema uende zako. Mimi niliutenda, nikauacha ukamtafuna mama wa watu.

Nikarekebisha palepale, sanduku lilinganishwe mara moja tu, linapoingia. Orodha ikatoka kwa dakika tatu. Nikashuka ukumbini, wafanyakazi walikuwa wanaosha meza, nikawaambia wazi kwamba kosa ni langu, la mkono wangu, na mama hahusiki kabisa.

Mzee mmoja, mkata minofu waliyemsikiliza wote, alikuwa ananoa kisu.

"Kijana, tumekusikia. Uliandika kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mama," nikasema. Tena nilisema kwa fahari, mpumbavu mimi.

"Alikuomba?"

"Hakuniomba. Hata hajui mpaka leo."

Akapitisha kidole kwenye makali.

"Hakukuomba, nawe ukafanya. Basi ni nani aliyekutuma?"

 Walirudi kuosha meza, na mimi nikabaki nimesimama kwenye maji ya magamba. Nilikwenda moja kwa moja Mkuyuni. Mama alinisikiliza hadi mwisho, hakunilaumu, akaanza kufunga vyombo. Jumapili nilimbebea mizigo hadi kwenye meli ya Nansio.

Jumatatu mzigo ukaja. Nilikaa mimi kwenye kiti chake, na orodha ikatoka kabla dereva hajamaliza sigara. Walikuwa wamejaa mlangoni kutazama.

"Mnaona sasa," mzee akawaambia. "Ameondoka jana tu."