Mkutano wa Wakati wa Maji

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, maji yametuzunguka pande zote, na habari ya mkutano wa kijiji ikatufikia kwa mtu kupiga kelele kutoka ng'ambo. Kaa nikusimulie. Usiinuke, pikipiki yako haitaibwa. Najua kilichokuleta. Leo asubuhi umeniamkia shikamoo mara mbili nami sikuitika, ukaenda kumwambia mama yako kwamba bibi masikio yamekufa. Masikio yangu ni mazima. Nilikusikia mara zote mbili. Nimekasirika, na hasira yenyewe si ya leo, ndiyo maana nataka uijue ilikotoka.

Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, kwa sababu ni mimi niliyekulea. Kwa hiyo nina haki ya kukusema, na leo nitakusema.

Ukifika Kiomboi ukasema kwenu ni kisiwani, watu wanacheka. Wanajua Singida ni alizeti na vumbi, kisiwa kimetoka wapi? Hata wewe shuleni ulifundishwa visiwa vya ziwani na vya baharini, vingine ni wilaya nzima, vina mkuu wa wilaya wake na boti ya serikali. Kisiwa chetu hakikuwa kwenye kitabu hicho. Ni mgongo wa ardhi katikati ya mbuga ya Wembere. Kiangazi unatoka kwa miguu hujalowa hata kisigino. Masika mito inashuka, mbuga inajaa, tunabaki huku juu na ng'ombe wetu na mbu wetu mpaka maji yachoke.

Wazee wetu walikuja hapa kiangazi kimoja wakifuata majani, mvua ikawakuta, wakashindwa kutoka. Kufikia maji yanakauka walikuwa wameshaona ng'ombe wanavyolamba udongo wa upande wa mashariki. Udongo ule una chumvi. Hapo wakajenga. Baadaye serikali ikatuhamisha kwenda kijiji kikubwa cha ng'ambo, kuna shule na zahanati, tukakaa kidogo, tukarudi mmoja mmoja kimyakimya. Mwisho wakachoka kutufukuza, wakatuandika kuwa kitongoji cha kijiji hicho. Toka hapo mwenyekiti wa kijiji ni wa ng'ambo, ofisi iko ng'ambo, mihuri iko ng'ambo. Sisi tuna chumvi.

Na chumvi ni ya wanawake. Hilo unalijua, umesomeshwa kwa ada yake. Tunakwangua udongo wa juu, tunauweka kwenye kibuyu kilichotobolewa chini, tunaumwagia maji, na yale yanayochuruzika tunayachemsha mpaka chumvi ibaki chunguni. Moshi wake unaharibu macho. Macho yangu haya mekundu hayakutokana na pombe kama unavyowaambia wenzako kwa utani. Tulipeleka chumvi ng'ambo tukabadilishana kwa mahindi, na mwaka wa njaa ilikuwa ndiyo shamba letu.

Sasa ikaja miaka ya ruksa. Duka la ushirika likafa, na kila mwenye lori akawa mtu wa kusikilizwa. Akaja tajiri mmoja kutoka mjini, akaliangalia lile eneo la mashariki, akaondoka bila kuongea na mwanamke hata mmoja. Tukaja kusikia kwamba amemwahidi mwenyekiti mabati ya shule, naye apewe ardhi ya chumvi yote, aweke uzio na vibarua wake. Mwenyekiti huyo sitakutajia jina, wajukuu zake ni rafiki zako na hawana kosa. Lakini jambo la namna hiyo lazima lipite kwenye mkutano wa kijiji, na alijua tungekuja wote na tungekataa. Unajua alifanya nini? Akangoja maji. Akaitisha mkutano katikati ya masika, mbuga imejaa, na mtumbwi pekee wa kijiji ukiwa upande wake. Alisema umepelekwa kuzibwa matundu.



Siku hiyo asubuhi mchunga ng'ombe mmoja wa ng'ambo alipanda juu ya kichuguu akapiga kelele kwamba mkutano ni leo, shuleni, saa nne, na habari ni ya chumvi. Mungu ampe heri kijana yule. Tukakusanyika nje kwa shangazi yangu Mbula, dada wa baba, mwanamke mkali ambaye hata mbwa wake hawakuthubutu kubweka ovyo. Sisi vijana tukaanza kuongea kama mnavyoongea ninyi sasa. Mume wangu akasema maji yamejaa, tutafanya nini. Mimi nikasema tungoje yapungue, twende kwa diwani tukalalamike. Niliona nimesema neno la busara sana.

Shangazi aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

"Ukalalamike kwamba nini?" akaniuliza. "Kwamba walikuita hukwenda? Ardhi ikishagawiwa utalalamika ukiwa nje ya uzio, na mwenye uzio atakusikia vizuri sana, kisha atakunywa chai yake. Leteni kamba za ng'ombe."

Akajifunga khanga, akaweka nguo kavu ndani ya chungu cha chumvi, chungu kichwani, akashuka kwenye maji.

Nikueleze jinsi tulivyovuka, maana wewe unavuka kwenye tuta la barabara ukisikiliza muziki. Udongo wa mbuga ukilowa unashika mguu na hauachii. Lakini chini ya maji kuna njia ya ng'ombe. Imekanyagwa tangu enzi za mababu mpaka ikawa ngumu kama sakafu ya nyumba. Huioni. Unaitafuta kwa nyayo. Ukikanyaga pagumu uko njiani, ukikanyaga pa laini umepotea, rudi. Tulishikana kwenye kamba, shangazi mbele, wazee wenzake wa kike nyuma yake, kisha sisi. Maji yalinifika kifuani. Nilikuwa na mimba ya baba yako, na nililia nikiwa nimefumba mdomo ili shangazi asisikie.

Tulipofika shuleni mkutano ulikuwa umejaa watu wa ng'ambo. Tajiri alikuwa amekaa meza ya mbele kwenye kiti cha mwalimu mkuu, amevaa viatu vyeupe. Tuliingia tunatiririka maji, sakafu yote ikalowa. Mwenyekiti alitutazama kama ameona wafu wamefufuka. Akajikaza, akatabasamu, akasema, "Karibuni, wazee wetu. Poleni na maji. Ila ajenda ile imeshapita, sasa tuko kwenye mengineyo." Kisha akamgeukia shangazi kwa adabu, maana alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, akasema, "Shikamoo, mama."

Shangazi akanyamaza.

Mwanangu, wewe umezaliwa wakati watu wanaamkia "mambo vipi" hata kwa wakwe zao, huenda hutaelewa. Kwetu mtoto akiamkia, mzee anaitika, hata kama jana mlitukanana, hata kama mmeshtakiana mahakamani. Sijawahi kuona mzee akiizuia marahaba mbele za watu. Mwenyekiti akadhani hajasikika, akarudia kwa sauti zaidi, "Shikamoo, mama." Shangazi anamtazama tu. Mwenyekiti akawageukia wale wazee wengine wa kisiwani, akawaamkia mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefungua mdomo. Unasikia maji yanadondoka kwenye khanga zao, basi.

Jasho likamtoka. Akasema, "Mama, nimekukosea nini?"

"Marahaba ninayo," shangazi akamjibu. "Nimekuja nayo toka kisiwani, haijalowa. Lakini mimi naitika mtoto anayeniona kuwa mtu. Wewe umekaa ukahesabu siku, ukachagua ile ambayo mimi siwezi kufika. Ukaona maji yatakusaidia kunifuta. Utaipata siku utakaponirudishia mkutano wangu."

Tajiri akacheka kidogo, akasema kijiji hakiendeshwi kwa salamu. Hapo ndipo alipoharibu. Mzee mmoja wa ng'ambo aliyekaa benchi la nyuma akasimama taratibu. Akamuuliza mwenyekiti, "Ulituambia watu wa kisiwani wameshakubali, ndiyo maana hawakuja. Walikubali lini?" Mwenyekiti akaanza kupekua makaratasi yake. Mzee yule akasema, "Mimi mkono wangu naushusha." Akaketi. Mwingine naye akasema anaushusha. Mama mmoja wa ng'ambo akasema hata yeye, na kwamba chumvi anayopikia imetoka kwa hawa hawa walioloweshwa. Kelele zikawa nyingi, mwenyekiti akagonga meza, haikusaidia. Wakapiga kura upya palepale, na ardhi ya chumvi ikabaki ya kitongoji. Tajiri akaondoka na viatu vyake vyeupe vimejaa tope letu. Nilifurahi, na sijawahi kujutia furaha ile.

Shangazi akamsogelea mwenyekiti mlangoni. Akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marahaba, mwanangu." Yule mwanaume mzima alitokwa na machozi.

Hiyo ndiyo siku yenyewe. Sasa tuje kwako.

Siku hizi kuna tuta na kalvati. Masika au kiangazi, unafika ng'ambo kabla chai haijapoa. Wilaya zimegawanywa, kata zimegawanywa, ofisi zimesogezwa, na habari za mkutano zinaingia kwenye simu yako ukiwa kitandani. Mwezi uliopita mkutano uliitishwa, na habari ni ileile, chumvi ya mashariki. Safari hii tajiri ni kijana, anaongea vizuri, ana makaratasi ya rangi na anaita ule uzio maendeleo. Nilikwenda na fimbo yangu. Nilikuta vikongwe wenzangu wachache na wajumbe waliokwisha kunywa soda za mgeni. Ninyi mlikuwa wapi? Nilipita pale kalvati nikawaona. Mmeegesha pikipiki mnabishana kuhusu timu za mpira, wewe ndiye ulikuwa unapiga kelele kuliko wote. Ukaniambia, "Bibi, unaenda wapi na jua hili?" Nikakuambia mkutanoni. Ukasema, "Hayo ni mambo ya wazee, bibi."

Niliinua mkono wangu kukataa. Ulikuwa peke yake. Nilijisikia mjinga, mwanangu, nakuambia ukweli, nikaona haya kama mtoto aliyejibu vibaya darasani. Jambo likapita.

Sikuilalia hasira ile. Nilikwenda kwa mtendaji wa kata nikakaa kwenye benchi lake. Alipotoka kula nilikuwa hapo, aliporudi nilikuwa hapo, akaniambia niende nyumbani nikamwambia sina haraka. Mwisho akakubali kwamba watu hawakutimia na mkutano urudiwe Jumamosi hii. Nimerudi na habari hiyo nikidhani nimekuletea zawadi. Na wewe jana, ukiwa unakula ugali wangu, ukasema Jumamosi hutakuwepo kwa sababu kuna mechi.

Shangazi Mbula alizuiwa na maji. Wewe umezuiwa na nini? Mwenyekiti wa zamani ilibidi afiche mtumbwi na kungoja masika ili atupate hatupo. Huyu wa sasa hahitaji kuficha kitu. Anaitisha mchana kweupe, barabara kavu, na ninyi wenyewe mnamwachia ukumbi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yule tajiri. Tajiri anafanya kazi yake, anatafuta mali. Wewe unamsaidia bure. Halafu kesho uzio ukisimama utakuja kuniambia serikali imetuonea. Nani? Serikali ya kijiji ni watu wanaokuja mkutanoni. Asiyekuja amemkabidhi mwingine mkono wake ainue anavyotaka.

Kwa hiyo nasaha zangu ni hizi, na sizifungi kwenye kitambaa cha maua. Ukiitwa panapogawiwa cha kwenu, nenda. Usingoje kueleweshwa baadaye, baadaye utaeleweshwa na askari. Kaa mbele, uliza swali hata kama wanacheka, na usinywe soda ya mtu kabla hujajua anataka nini. Mheshimu mwenyekiti, muamkie, lakini usimuogope, kwa kuwa kiti kile amekalishwa na mikono ya watu. Na usiniambie tena kwamba mambo ya ardhi ni ya wazee. Mimi nitakaa kwenye ardhi hii muda gani? Kaburi langu linahitaji sehemu ndogo tu. Chumvi ile naipigania kwa ajili ya mtoto aliye tumboni mwa mke wako.

Mungu akulinde njiani, mwanangu. Akupe nyayo zinazotambua pagumu na pa laini hata pale macho yasipoona kitu. Mkeo ajifungue salama, na mtoto wenu ale chumvi ya kwao bila kuomba ruhusa kwa mtu. Baraka hizo nakupa leo, maana ni za Mungu, siwezi kukunyima. Marahaba ndiyo yangu. Jumamosi mkono wako ukiinuka shuleni nikauona, uniamkie hapo hapo mbele ya watu, nami nitaitika.