Somo la Jicho, Mkwe Akisikia

Pale Nyarero Mwalimu Verdiana alimfundisha yeyote aliyetaka, mkubwa kwa mdogo, isipokuwa mtu mmoja aliyehitaji somo kuliko wote: baba mkwe wake, Mzee Mseti. Mila ya Wakurya ndivyo ilivyo. Mke wa mwana hamsogelei mkwewe, sembuse kumweleza habari za macho yake.

Na macho yenyewe yalikuwa yanakwisha, mboni zimeingia weupe. Daktari wa macho alikuwa Tarime mjini wiki hiyo tu, lakini mzee alikataa katakata. "Nikang'olewe macho? Nitazikwa nayo!" Marwa, mwanawe na mume wa Verdiana, alibembeleza mpaka akachoka. Verdiana ilimuuma sana, maana mzee huyohuyo ndiye aliyebishana na ukoo mzima ili mkamwana wake asiache ualimu.

Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini ilikuwa imezipanga nyumba mstari mmoja, na mlango wa mzee ukaangukia nyuma ya darasa ambalo bado halikuwa na paa. Asubuhi ile kijiji kilichinja ng'ombe. Kichwa, kama kawaida, kikawa cha wazee. Verdiana akamtuma Gati, mjukuu wa mzee, aombe jicho moja bichi na jingine lililochemshwa.

"Mwalimu wenu siku hizi anakula macho?" mzee akacheka, lakini akatoa.

Mchana Verdiana akapasua jicho bichi kwa wembe, akatoa lenzi, safi kama tone la maji. Akaiweka juu ya gazeti. Herufi zikanenepa, watoto wakapiga kelele. Kisha akatoa ya jicho lililochemshwa: kijiwe cheupe pepepe.

"Mnakijua hiki, wazee hukitema wakila kichwa. Lenzi ya mtu nayo huweza kuwa nyeupe, mwanga usipite. Huo ndio mtoto wa jicho." Akapaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Daktari anatoa hiki tu! Jicho linabaki mahali pake! Halafu mtu anavaa miwani!"

Hakugeuka nyuma.

"Gati," mzee akaita kutoka mlangoni, "niletee hicho kijiwe."

Akakipapasa vidoleni muda mrefu.

"Muulize mwalimu. Wanatoa hiki tu?"

"Mwambie babu, hicho tu," akajibu Verdiana, macho ubaoni.

"Basi mwambie baba yako anitafutie koti langu. Kesho tunakwenda mjini."

Verdiana akashika chaki, akaandika neno "jicho", ingawa lilikuwa limeandikwa pale tangu asubuhi.