Mpangaji Wangu wa Kwanza Alilala Chumba cha Mama

Jina langu liacheni. Kosa ni langu peke yangu, mke wangu msimguse. Yeye alinikataza.

Mie ni mwalimu, naishi Kibamba kwenye nyumba niliyoijenga kwa kujinyima. Baba alipofariki nilimtoa mama kijijini, nikampa chumba cha pembeni chenye choo chake na mlango wake wa nje. Alikizoea. Jioni alikuwaga anakaa kibarazani pale anachambua mchele, wanangu wamemzunguka.

Basi nikaingiwa na ishu ya vyumba vya kupangisha. Wenzangu ofisini hawaongei kingine. Nikaweka msingi nyuma ya nyumba, hela ikakata. Dalali mmoja alikuja kuangalia, akaniambia ya nini kusubiri, hicho cha pembeni kinapata mtu hata kesho.

Mke wangu akasema, "Baba Neema, humo analala mama yako."

Nikamjibu ni kwa muda tu, vya nyuma vikiisha mama atachagua mwenyewe anachotaka.

Mama hakubisha. Alikunja vitenge vyake akahamia kwa wajukuu. Akaingia kijana mmoja anayeuza simu Mwenge. Kodi alilipa vizuri, nisimsingizie.

Tatizo, mama aliendelea kukaa pale kibarazani. Mazoea tu. Kijana akaja kunilalamikia kwamba hana uhuru, kila mgeni wake anamkuta bibi mlangoni. Nikaogopa atahama. Nikamfuata mama, na maneno yangu ndiyo haya, sijayapunguza: "Mama, hapo pamelipiwa. Kaa ndani."

Aliniangalia kidogo, akachukua ungo wake, akaingia.

Wiki hiyohiyo akaomba aende kijijini kusalimia. Nikamkatia tiketi, roho nyeupe kabisa. Kumbe majirani alishawaaga wote, kwamba ndiyo anaondoka moja kwa moja. Mie tu ndiye hakuniambia.

Likizo nikamfuata. Nilimpigia magoti, dada yangu akiwepo anaona, mtu mzima nalia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

"Nimeshakusamehe, baba. Ila kulala kwako tena, hapana."

Yule kijana naye alihama, mwaka haukuisha. Dalali nimemwambia asilete mtu. Msingi wa nyuma umeota majani, na mie sina tena hamu nao. Nikipiga simu mama ananiitikia shikamoo, anauliza hali, halafu anaomba aongee na watoto. Akimaliza nao anakata.

Nimechoka, jamani. Nimechoka na nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Nyie mnaoanza, pangisheni, ni kazi ya halali. Anzeni na chumba ambacho hakina mtu, hata kama itawachelewesha. Na kama unaishi na mzazi, usije ukamwomba chumba chake. Atakupa. Wangu alinipa.