Daktari Aliyerudi na Majibu

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaani Huruma hapa Eldoret. Kwanza aliniuliza niko wapi, kisha akaniuliza kama nimekaa chini. Nilimwambia nimekaa. "Basi sikia," akasema. "Daktari wetu ametuacha. Ni moyo. Ameenda kama saa moja hivi." Huruma ina madaktari wengi, wa kweli na wa kujipachika, lakini sikumuuliza ni yupi. Nilijua ni yule mtafiti wa kutoka Turbo, binti wa mkulima wa mahindi, aliyetumia maisha yake yote ya kazi kuchungulia vimelea vya malaria kwenye vijipande vya kioo. Hakuwa daktari wa kuandikia watu dawa. Udaktari wake ulikuwa wa maabara, na swali lake lilikuwa moja: kinga ya mwili dhidi ya malaria hujengwa vipi, na huenda wapi mtu akihama?

Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanakumbuka kijembe nilichomrushia hapa hapa kwenye safu yangu ya gazeti miaka kadhaa iliyopita. Niliuliza mtafiti wa malaria anatafuta nini Eldoret, mji ambao mbu akitaka kuvuka barabara lazima kwanza atafute sweta. Kisha, kwa kuwa nilijiona mcheshi, nikaongeza kwamba ingekuwa vyema mtu aulize zile chupa za damu zinazotoka Huruma huwa zinapelekwa wapi. Ulikuwa mzaha tu. Lakini watu waliupiga picha ule ukurasa, wakatumiana kwenye simu, na mzaha ukifika simu ya kumi huwa umeshakuwa habari. Watu wa Huruma walikuwa wamempa damu mwezi wa Novemba, kabla ya kwenda nyumbani magharibi kwa Krismasi. Walipaswa kumpa tena Januari wakisharudi, ili alinganishe. Januari ilipofika, hakuna aliyejitokeza. Bila damu ya pili ile ya kwanza haikuwa na kazi, na miaka yake ya kuzoeana na watu hao mlango kwa mlango ilikuwa inaelekea kumwagika kwa sababu yangu.

Alinijia ofisini, na nilijua nimepatikana. Alikuwa mfupi, amevaa sweta ya kijani iliyochakaa viwiko, na gazeti langu amelikunja kwapani. Nilitarajia matusi, hata nilikuwa nimeandaa majibu. Aliniuliza jambo moja tu. "Wewe ndiye uliandika hii?"

"Ni mimi, Daktari."

"Kabla ya kuandika, ulifika Huruma?"

Akaangalia viatu vyangu, akasema, "Hizo zinaweza kutembea? Basi twende."

Njiani alinieleza kazi yake kwa maneno ambayo hata leo naweza kuyarudia. Mtoto anayezaliwa kule chini magharibi, penye joto na mbu wengi, huugua malaria mara nyingi, na asipokufa, mwili wake hujifunza. Akiwa mtu mzima anaweza kutembea na vimelea ndani yake na asianguke. Sasa mtu huyo akija kufanya kazi huku kwenye baridi, akakaa miaka bila kuumwa na mbu mwenye ugonjwa, ule ujuzi wa mwili hufifia. Haufifii wote. "Kuna sehemu inasahaulika na kuna sehemu inabaki," alisema. "Mimi nataka kujua ni gani inabaki, kwa sababu hiyo ndiyo chanjo inapaswa kufundisha watoto." Ndiyo maana alihitaji Huruma. Hakuna mahali pengine angewapata watu wengi hivyo waliolelewa na malaria, wakaiacha nyuma, kisha wakarudi kuikuta kila Krismasi na kila mazishi.

Mimi nami ni mtu wa kutoka chini, na sisi tuna kosa letu. Tukienda nyumbani kuzika, tunalala popote tulipopata nafasi, bila neti, tukijisifu kwamba malaria inatujua na sisi tunaijua. Tukirudi Eldoret na kuanza kutetemeka, tunalaumu baridi. Siku ile nilikuwa nimemzika mjomba wangu wiki mbili kabla, na nilikuwa nimevaa makoti mawili. "Malaria haiwezi kunifanya kitu, Daktari," nilimwambia. "Hii ni baridi yenu tu." Aliangalia yale makoti mawili, halafu akaendelea kutembea.

Alikuwa ameweka hadubini yake juu ya meza uani mwa kanisa moja la Huruma. Watu walikuwepo, lakini walisimama mbali, mikono ndani ya mifuko. Mbele yao kabisa alikuwa yule mama wa omena. "Sisi hatutoi," alisema. "Gazeti limesema mnapeleka kuuza." Daktari alinigeukia, akanyoosha mkono, nami nikampa kidole. Akadunga, akapaka tone kwenye kioo, likakauka, akalitia rangi, tukangoja. Nakiri kwamba sijawahi kuona muda ukikokota miguu namna ile. Alichungulia, akasogea kando, akamwita yule mama. "Mama, njoo uone. Hivyo vipete vidogo vyenye nukta ndani, ndivyo vyenyewe."

Mama aliinama, akafumba jicho moja, akakaa hapo kitambo. Kisha akainuka akanielekezea kidole. "Woi! Mtu wa gazeti uko na wadudu! Wamejaa huku ndani kama omena kwa karai!"

Ua mzima uliangua kicheko. Nami nilicheka, ingawa meno yalikuwa yakigongana. Daktari alinituma zahanati nikapate dawa, na nilipogeuka langoni niliona foleni. Kila mtu alitaka kuona damu yake mwenyewe. Mama wa omena alikuwa wa kwanza, amekwishakunja mkono wa blauzi.

Tangu siku hiyo Daktari alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha. Kila aliyempa damu alipewa kadi yenye namba, na kila kadi ilirudishiwa majibu, kwa mdomo, mlangoni kwa mwenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida. Waliohama aliwatafuta walikohamia. Wenzake wengine walimwambia anapoteza muda. Yeye alisema mtu hawezi kukupa kitu kutoka ndani ya mwili wake, halafu ukaondoka bila kumwambia ulichokiona.

Sisi watu wa mji huu tunajua kupokea mashujaa. Mwanariadha akirudi na medali, tunamlaki uwanja wa ndege, tunamnywesha mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, msafara wa magari unapiga honi hadi katikati ya mji. Daktari wetu aliporudi kutoka ng'ambo, alikowasomea wanasayansi wa dunia nzima matokeo ya damu ya Huruma, alipanda bodaboda na sanduku lake mapajani. Nilipomwuliza kama haimuumi, alicheka akasema mursik ipo nyumbani, atakunywa. Na chanjo ilipoanza kutolewa kwa watoto wa kule chini, nilimpigia simu nikimpongeza kana kwamba aliipika yeye. Alinikatiza. Alisema walioihangaikia ni watu wengi mno, yeye ameongeza chembe tu, na tena haijatosha, kwa hiyo nisije nikaandika kwamba watu watupe neti. Siandiki hivyo. Lakini leo hawezi kunikatiza, kwa hiyo nasema wazi: naona fahari juu yake. Naona fahari kwamba swali kubwa namna ile liliulizwa hapa, kwenye vyumba vya kupanga vya Huruma, na mtoto wa shamba la mahindi.

Tulimzika Turbo Jumamosi, pembeni mwa shamba la baba yake. Watu wa Huruma walikuja wengi, na wengi walikuwa na kadi zao mkononi. Hakuna aliyewaambia wazibebe. Baada ya kaburi kufunikwa, mama wa omena aliinua yake juu. "Na hii Januari nilitoa," akasema kwa sauti. "Sijaambiwa. Sasa ni nani ataniambia?" Msichana mmoja, mwanafunzi wake wa maabara, akasogea mbele macho yakiwa mekundu. Aliomba kuiona kadi, akaisoma namba. "Ni mimi, Mama. Nitakuja Jumatano."

Alienda. Najua kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa nimefika na safu hii mfukoni, kwa maana nilirudi kutoka Turbo nikiwa na aibu. Miaka yote hii nimejaza ukurasa huu kwa maisha ya watu, misiba yao na vichekesho vyao, na sijawahi hata mara moja kurudi kwa mtu kumsomea nilichoandika. Kama kuna somo nililoachiwa na marehemu, ni hilo, na nimeanza kulifuata nikiwa nimechelewa. Kwa hiyo mwanafunzi alipomaliza kutoa majibu yake, nami nilitoa karatasi zangu nikamsomea mama wa omena mwanzo hadi mwisho, yeye akiendelea kupepeta omena zake.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akafuta mikono kwa aproni.

"Ni sawa," akasema. "Lakini hapo penye umesema Daktari alichukua damu yetu, futa. Hakuchukua. Tulimpa."

Nimefuta kila mahali.