Gari Lisilo na Kucha

Mwaka ule tulikula sima ya manjano. Aliyekuwepo hahitaji kuambiwa ni mwaka gani. Mvua ilitususia, mahindi yakakauka shambani, ukaja unga wa msaada una rangi ya manjano na harufu ya gunia, na hata uupike kwa tui zito kiasi gani, ulikuwa kama unatafuna mkeka. Watoto walilia, wazee walikula kimya. Kisha mvua ikarudi, ikaja yote kwa mkupuo, kama mgeni aliyechelewa harusini na sasa anataka sahani zote. Katika mvua hiyo nakumbuka siku moja, mwanangu, na hiyo ndiyo ninayokupa leo, kwa sababu nimesikia umenunua gari.

Nilikuwa msichana, sijaolewa, kiuno changu unakizunguka kwa viganja. Usicheke, picha ninayo.

Binamu yangu alikuwa anaolewa Witu, bara. Shangazi yangu, Bi Esha, ndiye aliyekuwa somo wake, yaani ndiye aliyemfunda, na kwetu somo asipofika, bibi harusi hatoki ndani. Ataketi na hina yake mpaka watu waote mizizi, lakini hatoki. Kwa hivyo safari ile haikuwa ya kwenda kupunga upepo. Tulivuka asubuhi kutoka kisiwani kwetu Amu mpaka Mokowe na vikapu vya halwa, na asumini na rehani za kikuba, kile kishada cha kumpamba bibi harusi, tumezifunga kwenye kitambaa kibichi zisinyauke, na mimi nimevaa viatu vipya vya kisigino ambavyo nilitaka Witu nzima ivione.

Pale Mokowe gari lilikuwa la Bwana Shee, Landirova kuukuu ambalo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Watu wa harusi walikuwa wamejaa ndani, wameshaanza kuimba. Nikarukia ndani na mimi. Shangazi hakupanda. Alilizunguka gari, ameinua buibui lisiguse tope, anayatazama magurudumu kama mtu anayechagua papai sokoni. Akainama, akapapasa tairi moja kwa kiganja.

"Bwana Shee, haya matairi yako mbona yako kama kichwa chako?"

Bwana Shee alikuwa na kipara unachoweza kujitazamia. Gari zima likacheka, na yeye akacheka.

"Panda twende, Bi Esha. Ndia hii ya Witu naijua mimi."

"Wewe waijua. Tairi lako je? Huna mengine?"

"Ninayo! Mapya, yana meno hivi," akaonyesha kwa kidole. "Nimeyaweka nyumbani chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda? Unayaatamia yaangue?"

Watu wakavunjika mbavu. Bwana Shee sasa akaona haya, na mwanamume akiona haya mbele ya wanawake wa harusi hukimbilia dini. Akakunja uso, akasema, "Yale ni ya safari za maana. Kuyavaa kila siku, Mokowe na Witu, Mokowe na Witu, ni israfu, ni kufuja mali. Na israfu ni haramu, muulize mwalimu yeyote."

Shangazi akajinyoosha. Alikuwa mfupi, lakini alipojinyoosha ulimwona mrefu. Akasema pole pole, kila neno peke yake:

"Sipandi gari lisilo na kucha, hata likinipeleka Makka."

Kisha akanigeukia mimi. "Nawe shuka."

"Shangazi, tutachelewa!"

"Shuka, au nikushushe kwa sikio."

Nikashuka. Nilinuna mpaka mashavu yakaniuma. Gari likaondoka na halwa yetu, na wale wanawake wakatuimbia wimbo walioutunga pale pale, wa mabibi wa mtaa wetu wa Mkomani wanaoogopa tope lisiwaume. Shangazi akaingia kibanda cha chai, akaagiza chai ya tangawizi na mahamri, akala. Mimi sikula. Hasira ilikuwa imenishibisha.

"Unadhani naogopa kufa?" akaniuliza, anamega mahamri yake. "Mimi naogopa kutofika. Maiti ana udhuru. Lakini mimi niliye hai, nimekwama mtaroni kwa ujinga nilioupanda kwa miguu yangu, nitamwambia nini yule mtoto aliyeketi na hina yake ananingoja?"

Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Chai haijapoa, tukamwona Bwana Shee anarudi kwa miguu, tope mpaka mapajani, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Gari halikufika hata Hindi, kijiji cha jirani. Kwenye mwinuko mmoja wa udongo mweusi magurudumu yalianza kuzunguka pale pale yalipo, kisha gari likaenda upande, taratibu, kama mtu anayetoka kitandani hataki kumwamsha mwenziwe, likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini wale waimbaji walishukia kwenye tope na nguo zao za harusi, na kikapu kimoja cha halwa kikawa cha sisimizi.

Mimi nilijua Shangazi atamcheka. Hakumcheka. Alimvutia kiti, akammiminia chai, akangoja anywe mpaka apate pumzi. Ndipo akamuuliza, kwa sauti laini ya mtu anayemtazama mgonjwa:

"Bwana Shee, ile israfu bado iko chini ya kitanda?"

Bwana Shee akaweka kikombe chini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka yeye wa kwanza, na kibanda chote kikafuata.

Wanaume wa pale walimsaidia kuyatoa yale matairi nyumbani kwake, hapo hapo Mokowe, na kuyaviringisha mpaka garini. Na sisi tukafuata nyuma, viatu vyangu mkononi. Shangazi alisimama juu ya jiwe kama askari, anaangalia kazi. Bwana Shee akafunga mawili ya nyuma, akafuta mikono.

"Na miguu miwili iliyobaki?"

"Ya nyuma yatosha, Bi Esha. Ndiyo yanayosukuma."

"Na ya mbele ndiyo yanayoonyesha ndia. Punda wako hutembea kwa miguu ya nyuma?"

Akafunga yote manne. Na lile gari, mwanangu, lilitoka mtaroni likapanda ule mwinuko kama paka anayepanda ukuta. Tulifika Witu kabla ya alasiri. Halwa ilikuwa kidogo, tope lilikuwa tele, bibi harusi akatoka kwa wakati wake, na somo wake yupo.

Njiani Shangazi alinikumbusha mitawanda. Labda wewe hujaivaa. Ni vile viatu vya mbao tunavyoviweka mlangoni pa choo, kwa sababu sakafu zetu za chokaa zikirowa zinateleza kama zimepakwa sabuni. "Nyumbani una mitawanda ya chooni," akaniambia. "Una makubadhi ya ndiani. Sasa una na hivyo visigino vyako vya kipuuzi. Nani amekwambia miguu yako ina israfu? Kila sakafu ina kiatu chake. Israfu ni kuwa na kiatu cha sakafu ile, ukakificha, ukaenda kuanguka."

Basi. Nikaolewa, nikazaa, nikapata wajukuu. Mjukuu wangu Rukia yuko Uskoti. Ni mkunga. Anawazalisha Wazungu, na wanamshukuru, na mwezi wa kwanza itakuwa zamu yake kuzaa. Mwezi wa kwanza kule ndio moyo wa baridi. Mimi ndiye ninayekwenda kumlea arubaini, kumkanda, kumfunga tumbo, kumpikia uji wa pilipili manga. Pasipoti imetoka, na picha yake nimependeza.

Juzi akanipigia. "Nyanya, zungumza na mume wangu Fahad. Hataki kununua matairi ya baridi."

"Tairi nalo laona baridi? Mwambie alifunike blanketi."

Alicheka mpaka simu ikamwanguka. Kisha akanieleza. Matairi ya kawaida, kwenye baridi ya kule, mpira wake hukauka ukawa mgumu, haushiki barabara. Hata theluji isiwepo, hata lami iwe nyeusi tu na imerowa, ukikanyaga breki gari linapita pale ulipotaka lisimame. Yale ya baridi mpira wake hubaki laini, na yamechanjwa chanjwa michirizi midogo ya kuiuma theluji.

Nikaelewa hapo hapo. Wewe hujaamka asubuhi ya kipupwe ukakuta mafuta ya nazi yameganda chupani? Unapindua chupa, unaigonga kitako, hayatoki, na nywele zinangoja? Jana yalikuwa maji. Ni mafuta yale yale, lakini baridi imeyageuza. Na hiyo ni baridi ya Amu, ambayo Rukia akija anaiita joto.

Nikamwambia ampe simu mumewe. Fahad ni kijana mzuri. Wa Langoni, mtaa wa watani wetu, lakini mzuri.

"Nyanya, shikamoo. Rukia anahangaika bure. Barabara kubwa wanaimwagia chumvi. Theluji yenyewe ni siku za kuhesabu, serikali hailazimishi mtu, na gari letu ni la kazini na dukani tu. Kwa gari la kila siku, wallahi ni israfu."

Mwanangu, neno lile! Sijalisikia likisemwa juu ya tairi tangu sima ya manjano.

"Marahaba, Fahad. Nyumba yenu iko kwenye barabara kubwa?"

"Hapana, iko juu mlimani, kwenye kinjia."

"Na chumvi inafika?"

"Haifiki, Nyanya."

"Uchungu wa mke wako utangoja siku ya jua?"

Nikasikia mtu anakohoa, na hakuwa Fahad. Rukia alikuwa anaficha kicheko.

"Basi sikiliza nikwambie nilivyoachiwa na shangazi yangu. Sipandi gari lisilo na kucha, hata likinipeleka Makka."

"Lakini Nyanya, usipokuja nani atamkanda Rukia?"

"Hilo liulize tairi lako."

Sasa nikupe wewe, mwanangu, ulichokuja kuchukua na daftari lako. Usiende ukaninukuu vibaya. Sikusema kila mwenye gari akanunue matairi ya baridi. Mpwa wangu hapa Mokowe aliona matairi ya mtumba yenye picha ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, akayapenda kwa sababu ya picha. Jua letu liliyala kama kipande cha sabuni, kwa sababu mpira ule ni laini, umeumbiwa baridi. Hiyo ndiyo israfu yenyewe, na nimemwambia mbele ya mkewe. Ukiwa Mombasa au Malindi, tafuta tairi la mvua na tope, lenye kucha nzima, na lile lililokuwa kipara ulitupe. Hata ukiwa huko kwenye baridi, kama barabara yako ni tambarare, barafu inakuja mara moja moja, na siku hiyo unaweza kukaa nyumbani, kaa nyumbani unywe chai. Sitakulaumu.

Lakini ukiishi mahali ambapo maji huganda nje miezi mizima, na wewe lazima utoke, yafunge. Yafunge manne, si mawili. Na usiniambie ni gari la kila siku tu. La kila siku ndilo linalompeleka mtoto shule, ndilo linalomkimbiza mzazi hospitali. Safari ya maana huijui mapema, huwa inaanza kama ya dukani. Joto likirudi, yavue, yaweke kando, yale ya kiangazi yafanye kazi yake. Yakipokezana hivyo yanadumu, kama mitawanda na makubadhi. Na hata ukiwa na kucha, nenda pole. Paka ana kucha na bado hutazama anapokanyaga.

Na mtu akikurushia neno kubwa ili unyamaze, israfu, haramu, ushamba, lolote, lipokee kwa adabu, kisha inama upapase tairi kwa kiganja chako mwenyewe.

Mungu akufungulie njia zako, mwanangu, akutoe salama na akufikishe salama, na kila anayekungoja na hina yake akuone ukishuka garini na nguo safi. Amina.

Na wewe Fahad, najua Rukia atakusomea haya. Picha ulizonitumia jana nimezipata. Nimevaa miwani, nimezivuta kwa vidole mpaka zikawa kubwa. Ya mbele nimeyaona, mashaallah, yana kucha za kupendeza. Ya nyuma nimeyaona pia. Ni yale yale ya zamani. Umeandika chini ya picha kwamba mbele yanatosha, ndiyo yanayosukuma. Bwana Shee, Mungu amrehemu, yeye alisema nyuma. Nyinyi wanaume mpatane kwanza.

Begi langu limefungwa liko mlangoni. Pilipili manga nimeisaga, ubani nimeufunga, nguo za mtoto nimezishona mwenyewe. Kilichobaki ni miguu miwili ya gari lako. Ukinipigia leo jibu langu ni hili, na ukinipigia kesho ni hili hili: Sipandi gari lisilo na kucha, hata likinipeleka Makka.